Jasho la Rangi na Ndoo Niliyoipiga Teke

Shikamoo zenu zirudisheni mfukoni, sijafika huko. Kichwa changu hakina mvi za kuwaonyesha. Mimi nimestaafishwa na ngozi. Miaka kumi na mitano nimeshika rangi ya makopo mawili, halafu asubuhi moja mikono ikasema basi: ikavimba, ikapasuka, macho yakajifunga kama ya kitoto cha paka. Daktari akaniambia, "Ukiinusa tena, hutakuja hapa kwa miguu, utaletwa." Kwa hiyo mikono imestaafu, mdomo bado uko kazini. Na mdomo wangu mnaujua, si bure mnaniita Pilipili.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaoshika brashi pale chelezoni, pale reli mbili zinaposhuka ziwani na boti zinapandishwa tuziguse tumbo. Juzi nimepita. Nimemwona kijana mmoja, simtaji, anapiga koti la pili juu ya koti la jana bila hata kulipapasa. Nikatukana, mkacheka. Mlidhani ni hasira zangu za kawaida. Ilikuwa woga. Nikiona koti la pili linapakwa juu ya koti lisilopitiwa kiganja, naogopa mpaka leo, na leo nitawaambia kwa nini.

Rangi hii ilipofika Kigoma hakuna aliyetufundisha. Sisi tulizoea rangi ya mafuta: unafungua kopo, unakoroga, unapaka, inakauka. Hii ikaja makopo mawili, kubwa na dogo, na karatasi yake ya maelezo ililowa njiani ikawa uji. Nikajifundisha mwenyewe, yaani nilikosea mwenyewe. Mara ya kwanza nilichanganya ndoo nzima, nikaenda kunywa chai. Narudi, ndoo inafuka moshi. Inachemka bila moto chini yake. Na hii ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, watu wamejaa kuanzia stesheni mpaka ufukweni, kila mmoja amekuja na mlio wake wa bunduki masikioni. Mtu akasema "bomu". Akasema tu, hata hakupiga kelele. Kufumba na kufumbua chelezo tupu, hata mbuzi hayupo, na mama mmoja ameacha kiatu kimoja pale na hakurudi kukichukua.

Mzee Bukuru, fundi wangu, ndiye aliyekuja akaitazama ile ndoo, akaifukia mchanga.

"Hii si rangi," akasema, "hii ni ndoa. Ukiwafungia wengi kwenye chumba kimoja watachomana. Changanya kidogo, kisha mwaga kwenye sinia ipumue."

Alikuwa hajawahi kuiona maishani. Aliifikiri tu pale pale. Basi mtu kama huyo unamwacha? Mzee Bukuru alikuwa mtu wa Simbo, fundi rangi tangu enzi za injini za makaa. Alinikuta sokoni nikipigana na watu watatu kwa wakati mmoja, akanitoa kwa sikio, akanipa brashi. Mtu akimsema vibaya Mzee Bukuru mbele yangu, tulikuwa hatumalizi sentensi. Neno lake nililichukua kama amri.

Na amri yake kubwa ilikuwa moja: maji ni adui wa rangi. Boti ikiwa chelezoni inapakwa, hata kikombe cha maji kisisogee. Aliwahi kumfukuza muuza uji kwa sababu sufuria yake ilikuwa inatoa mvuke. Ukitaka kusafisha, kitambaa na thina, ile dawa ya kuzimulia rangi, basi. Na kwa rangi ya mafuta alikuwa sahihi kabisa, msije mkasema fundi wangu alikuwa hajui.

Lakini rangi ya makopo mawili ina tabia yake. Haikauki, inaganda. Kilichomo kwenye kopo kubwa kinashikana na kilichomo kwenye kopo dogo mpaka vinakuwa kitu kimoja kigumu kama jiwe. Sasa kukiwa na baridi na unyevu, na pale ziwani usiku mmoja tu chuma kinalowa umande kama kimeoga, sehemu ya kopo dogo inachelewa kushikana. Inapanda juu. Huko juu inakutana na unyevu na ile hewa tunayoitoa puani, vinafanya utando. Kwa macho huuoni vizuri, labda weupe kidogo kama mtu aliyehemea kioo. Kwa kidole unausikia: kama sufuria ya migebuka, samaki wetu wa mafuta, iliyolala na mchuzi wake. Sisi tunauita jasho. Na jasho hilo thina hailitoi, inalisambaza tu. Linatolewa na maji, maji ya kawaida na sabuni kidogo. Ukipaka juu yake, koti lako la pili halijashika koti la kwanza. Limeshika jasho. Siku maji yakipata pa kuingilia, jasho linayeyuka na koti linaondoka zima zima, kama ngozi ya muhogo uliochemshwa.

Haya ninayoyasema kama mwalimu sikuyajua wakati ule. Aliyeyajua alikuwa Asukulu.

Asukulu alivuka kutoka upande wa Kongo na kaptula, shati, na brashi moja ya manyoya ya nguruwe aliyoifunga kiunoni. Alikuwa amepaka boti za chuma huko kwao miaka mingi kuliko umri wangu. Mzee Bukuru akamchukua awe anakuja kutusaidia. Mtu mpole, anaongea taratibu, kile Kiswahili chao cha ng'ambo. Mimi sikumpenda. Nilihisi Mzee anamsikiliza zaidi yangu. Wivu, nini tena.

Wiki hiyo ikaja boti ya chuma iitwayo Mwanaisha. Kazi yake ilikuwa kwenda kusini, kupita Ilagala, kuchukua watu waliovuka kwa mitumbwi wakatupwa na upepo kwenye vijiji vya huko. Chini ya mkia, chini ya usawa wa maji, chuma kilikuwa kimeliwa na kutu mpaka ukigonga kwa nyundo kinajibu kama debe. Palikuwa na tundu la kupita kidole gumba, na pembeni yake kwembamba kote. Kuchomelea haikuwezekana, umeme ulikuwa hakuna na gesi ya fundi wa kuchomelea imeisha. Tukakubaliana: koti la rangi ya makopo mawili, juu yake kitambaa cha nyuzi za kioo, juu yake koti jingine. Kikiganda ni chuma kipya. Mzee Bukuru akaanza kazi, homa ikamwangusha, akapelekwa kwao Simbo. Nikabaki bosi. Nina miaka ishirini na miwili, na ni bosi.

Koti la kwanza nililipiga jioni, na kwa kuwa nahodha wa Mwanaisha ana haraka nikaweka majiko mawili ya mkaa chini ya tumbo la boti ili liwahi kuganda. Watu wakanisifu, hata mimi nikajisifu. Kumbe moshi wa mkaa ni ile ile hewa ya puani, mara mia. Nililiita jasho lije kwa wingi.

Asubuhi Asukulu akafika, akapitisha kiganja kwenye lile koti, akanusa vidole.

"Kijana, hii rangi iko na jasho," akasema. "Inaomba maji."

"Inaomba nini?"

"Maji na sabuni. Tuoshe, tupanguse, ndiyo tupige msasa. Kisha kitambaa."

Nikacheka kwa nguvu ili wengine wasikie. "Jamani, njooni msikie. Kuna mtu anataka kuogesha boti ndani ya rangi. Kwenu huko na chapati mnaosha kabla ya kula?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika.

"Pitisha msasa kidogo tu," akasema. "Utaona unaziba."

Nikapitisha. Ukaziba. Vumbi halikutoka, ulijaa utando kama umepakwa ugali. Nikauona kwa macho yangu, nikatupa ule msasa nikachukua mwingine, nao ukaziba, nikausukumia mbali kwa mguu. Hapo ndipo penye dhambi yangu, msije mkasema sikujua. Kazi yenyewe ilikuwa inaniambia.

Asukulu akaondoka. Nikafikiri ameshindwa. Kumbe ameenda ziwani. Akarudi na ndoo ya maji na kipande cha sabuni ya gwanji, ile yetu ya mawese, akapiga magoti chini ya mkia wa boti.

"Mke yangu na batoto wako kule," akasema bila kunitazama. "Nimesikia jana. Wako kwa hiyo kijiji boti inaenda. Acha nioshe mimi. Si lazima uniambie asante."

Nami nikasema, "Mzee Bukuru amesema maji hayaguswi hapa. Unamzidi Mzee Bukuru?"

"Mzee hajui hii rangi."

Angesema jambo jingine lolote, ningevumilia. Nikaipiga teke ile ndoo. Ikabiringika mpaka kwenye reli, maji yakamwagika kwenye mchanga, sabuni ikaingia chini ya magurudumu. Nikachukua kitambaa chenye thina nikapangusa ile sehemu kwa mbwembwe, nikalaza nyuzi, nikapiga koti la pili. Likang'aa vizuri sana. Asukulu akaokota ndoo yake. Akaenda kwa nahodha Sefu kumwambia, nikamwona, na nahodha akamjibu bila kupunguza sauti: "Baba, fundi si yule pale? Muulize fundi."

Siku ya tatu Mwanaisha ikashuka majini asubuhi, ikaenda. Irudi kesho yake mchana.

Sasa mtaniuliza nilijuaje kabla haijarudi. Nilijua kwa sababu ya kipande cha bati. Ule mtindo wa kupaka kipande cha majaribio pembeni, kila unachofanya kwenye boti unakifanya na pale, ni wa Mzee Bukuru, na mimi nilimtii kwa kila kitu. Kile kipande nilikuwa nimekiegemeza karibu na majiko, kikapata koti la jioni, thina, nyuzi na koti la pili, kila kitu. Boti ilipoondoka, muuza uji akakichukua kufunikia ndoo yake ya maji. Kama saa sita mchana nikaenda kukichukua. Nikakigeuza. Pembe moja ya kitambaa, ile iliyolowa maji ya ndoo, ilikuwa imeinuka.

Nikaishika kwa kucha mbili, nikavuta taratibu. Ikaja yote. Haikupasuka, haikugoma, ilikuja na sauti ndogo kama mtu anayebandua plasta kwa mtoto. Na chini yake, lile koti la kwanza, safi, linateleza. Nikapitisha kiganja. Sufuria ya migebuka.

Ninyi mmewahi kuogopa? Simaanishi kukimbizwa na mbwa. Naongelea kukaa pahali pamoja, jua linawaka, watu wanapita wanakusalimia, na wewe ndani yako kuna boti inajaa maji. Nilikwenda mpaka ofisi ya bandari nikauliza kama Mwanaisha ina redio. Yule bwana akanitazama. "Ile? Ile ina kengele tu." Nikarudi. Nikaenda ufukweni nikatazama kusini. Upepo wa kusini ulikuwa umeanza, ule wa kiangazi, unaotandaza mawimbi meupe mpaka macho yanachoka. Nikahesabu: kwenda, boti tupu, haiketi sana majini. Kurudi imejaa watu, mkia unazama zaidi, na kile kitambaa kiko mkiani.

Asukulu alikuwa amekaa juu ya jiwe anafua shati lake. Lile lile moja. Analifua ili mkewe amkute msafi. Nikasimama nyuma yake nikiwa na kile kipande cha bati mkononi. Nikaondoka. Nikarudi. Nikaondoka tena. Mara ya tatu akageuka mwenyewe.

"Kijana, unatafuta nini?"

Nikampa bati mkono mmoja, na kitambaa kilichobanduka mkono wa pili. Hakuhitaji maelezo. Alipitisha kiganja, akanusa. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, hata nilikuwa nimelegeza mikono.

Akasema taratibu, "Ulikatala ndoo moya ya maji. Sasa ziwa yote iko pale."

Akarudi kufua shati. Lakini nikaona anasugua sehemu moja tu, sehemu moja, mpaka shati likatoboka.

Kesho yake tangu asubuhi tulikaa pamoja pale ukingoni. Nilimletea uji, hakunywa, mimi pia sikunywa. Saa saba ikapita, saa nane ikapita. Kila doa jeusi kwenye maji nilisimama. Mtumbwi wa wavuvi, nikakaa. Gogo, nikakaa. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo mengine bado naidai nafsi yangu, ikiwemo kuacha kutukana.

Saa kumi Mwanaisha ikatokea. Ilikuwa chini mno. Boti yenye watu inaonyesha ubavu wake, hii ilionyesha vichwa tu, kama watu wameketi juu ya maji yenyewe. Ilikuja polepole, imeinama nyuma, na pembeni yote mikono inapanda na kushuka. Wanakomba maji. Kwa sufuria, kwa makopo, mzee mmoja kwa kofia. Hakuna aliyelia wala kupiga kelele, ndiyo kitu kilichoniogopesha zaidi: watu sitini kimya, maji yanatupwa, chwa, chwa, chwa.

Ilipogusa mchanga nahodha Sefu hakushuka. Alikaa akashika usukani kama amegandishwa nao. Nikapanda mimi. Mkiani, maji yakiwa magotini, alikuwa amekaa mwanamke mmoja ameegemea mbavu za boti, mguu wake mmoja umenyooshwa mpaka kwenye lile tundu, kisigino kimekandamiza tonge la ugali wa muhogo lililofungwa kwenye kitenge. Kile kitambaa changu cha nyuzi kilikuwa kinaelea pembeni yake, kizima, kinang'aa.

"Mama, tumefika," nikamwambia. "Toa mguu."

"Nani amesema tumefika?"

"Tumefika, mama. Huu ni mchanga."

"Anitolee mutu ninamujua."

Asukulu akaja. Akamshika kifundo cha mguu kwa mikono miwili, akautoa. Kisigino kilikuwa cheupe, kimekunjamana kama cha maiti. Watoto wawili walikuwa juu, wazima. Watu wote walikuwa wazima. Lakini mizigo haikuwepo. Ilipoanza kuzama walitupa kila kitu walichovuka nacho, magodoro, majembe, mabeseni. Mama Riziki, huyo mkewe Asukulu, alikuwa amebeba kichwa cha cherehani kutoka kwao, mgongoni kama mtoto, akivuka milima na ziwa. Ndicho kilichokuwa kizito kuliko vyote. Alikitupa mwenyewe, nahodha akaniambia, kisha akaenda kukaa pale tunduni.

Asukulu alinitaja? Hakunitaja. Nilingoja anitaje. Mkewe akamuuliza nani alitengeneza hapa chini, akasema, "Sisi." Jamani, neno hilo lilinipiga kuliko ngumi.

Mzee Bukuru aliporudi na fimbo, mwili umeisha kwa homa, nikamweleza yote kabla hajakaa. Ndoo, teke, msasa ulioziba, bati. Nikamwambia pia nilifanya kwa ajili yake. Akaenda mpaka kwenye ule mkia, boti imeshapandishwa, akaweka kiganja pale.

"Maji ni adui wa rangi," akasema. "Nani alisema hivyo?"

"Wewe, Mzee."

"Basi nusu ya teke ni yangu. Nusu iliyobaki usimpe mtu." Akamgeukia Asukulu. "Ndugu yangu, nifundishe kuosha."

Mzee yule, na fimbo yake, akapiga magoti. Nilibeba maji mimi. Siku ile nilibeba ndoo nyingi mno, na tangu siku ile utaratibu wa chelezo ni huo huo. Kwanza kiganja. Kisha maji na sabuni kidogo, suuza mara mbili, pangusa kwa kitambaa kikavu. Lowesha kidole usugue tena: kikiteleza, rudia. Ndipo msasa, na msasa utoe vumbi jeupe kama unga. Ukiziba, acha, rudi kwenye ndoo. Msianze na msasa, mtalisukuma jasho ndani ya mikwaruzo. Na mkaa chini ya boti, atakayeuweka nitamtafuta.

Kuhusu cherehani: nilipata moja kuukuu baadaye, nikampelekea Mama Riziki. Akaipokea, akazungusha gurudumu lake, akasema inafanya kazi vizuri. Hakushona nayo kitu mbele yangu.

Ila kila boti ilipokaribia kupigwa koti la pili, alikuja. Hakuna aliyemwita. Anatoka zake na kitenge chake, anachechemea ule mguu, anaingia chini ya tumbo la boti, analamba kidole, anakisugua kwenye rangi. Mafundi wote tunasimama na brashi zetu mkononi, hata Mzee Bukuru. Akiondoa mkono bila neno, tunapaka. Na siku moja nikiwa nimeshaosha, nimejiamini, nimeshachanganya rangi na inaanza kupata moto kwenye sinia, alisugua pahali pamoja chini ya mkia, akasugua tena, akanigeukia.

"Pilipili," akasema, "ndoo iko wapi?"

Rangi ile yote ikaganda kwenye sinia, nikaitupa. Nikaichukua ndoo, nikaenda kuleta maji.